Kumchagua Mtu Atakayekujengea: Hotuba kwa Wanaojiandaa Kujenga Nyumba Zao

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa ushirika wetu wa nyumba, ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumchagua mjenzi wa nyumba inayojengwa kwa ramani iliyochorwa kwa ajili ya familia moja na kiwanja kimoja, na nitajitahidi nisitoke nje ya jambo hilo. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, yaani kupima kazi za ujenzi na kukadiria gharama zake. Kwa sababu hiyo nimekaa muda mrefu kati ya mwenye nyumba, anayetaka kujua fedha zake zimekwenda wapi, na mkandarasi, anayetaka alipwe kazi aliyoifanya, na nimeona kwamba ugomvi mwingi unaozuka baina yao huwa umekwisha kupandwa kabla msingi haujachimbwa, siku ile mwenye nyumba alipomchagua mtu kwa sababu zisizofaa.

Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa ana kitu cha kukagua. Anafungua bomba aone maji yanatoka kwa nguvu gani, anatazama dari kama ina alama za kuvuja, anafunga na kufungua milango. Anayejenga kwa ramani yake hana cha kukagua, kwa maana anatia saini kwa ajili ya nyumba ambayo bado ni karatasi na ambayo haijawahi kujengwa popote. Na karatasi hiyo, hata kama msanifu aliichora kwa makini na mhandisi wa miundo akaipitia, haiwezi kujibu kila swali litakaloulizwa kiwanjani. Mtaro wa msingi utachimbwa, na upande mmoja utakutwa na udongo laini kuliko ilivyotarajiwa. Bomba la maji machafu litakutana na boriti mahali ambapo hakuna aliyefikiria. Lori litaleta mchanga wenye udongo mwingi saa ambayo mafundi wote wanausubiri. Kila mara mtu fulani ataamua papo hapo la kufanya, na mara nyingi mtu huyo atakuwa mjenzi, kwa sababu wewe utakuwa kazini kwako, na msanifu atakuwa ofisini kwake.

Kwa maoni yangu, basi, uchaguzi wote huu unazunguka maswali mawili: nani ninamwamini aamue mambo ya nyumba yangu wakati sipo, na nitajuaje alichoamua? Mengine yote nitakayoyataja leo, bei, mkataba, vyeti na ziara za kiwanjani, ni njia tu za kuyajibu hayo mawili.

Ugumu wake unatokana na jambo moja ambalo naomba mlitazame kwa karibu. Kazi iliyo muhimu kuliko zote katika nyumba ni ile inayofunikwa. Udongo unafunika msingi, zege linafunika nondo, plasta inafunika nyaya na mabomba, dari inafunika kenchi. Rangi usiyoipenda unaweza kuibadilisha wakati wowote, na vigae vibaya unaweza kuving'oa, lakini nondo zilizopungua ndani ya nguzo hakuna atakayezirudisha bila kuibomoa nguzo. Hata hivyo, wengi wetu tukipelekwa kuona nyumba aliyoijenga mkandarasi, tunatazama rangi na vigae, kisha tunarudi nyumbani tumeridhika.

Binadamu wamelijua tatizo hili tangu zamani sana. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizoandikwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba nyumba ikianguka kwa ujenzi dhaifu na kumuua mwenyewe, mjenzi naye auawe. Na ukuta ukionyesha udhaifu, mjenzi auimarishe kwa gharama yake. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika ibara ya 1792, iliwabebesha msanifu na mkandarasi wajibu wa miaka 10 jengo likiharibika kwa kasoro ya ujenzi, na hata kwa kasoro ya ardhi yenyewe. Sheria hizi mbili zimeachana mbali kwa ukali, lakini zote zinakubali kwamba siku ya kukabidhiwa funguo mwenye nyumba hawezi kuona kila kitu, na kwamba kasoro huchukua muda kujitokeza. Kila mmoja wenu aulize, kabla ya kutia saini, sheria ya mahali atakapojenga inamfunga mjenzi kwa muda gani na kwa kasoro za namna gani.

Sasa niingie katika utafutaji wenyewe. Hatua ya kwanza haimhusu mjenzi hata kidogo, inakuhusu wewe. Usimwite mkandarasi yeyote kutaja bei kabla ramani zako hazijakamilika, na ninaposema ramani sina maana ya mchoro wa vyumba peke yake. Nina maana ya michoro ya msanifu, michoro ya mhandisi inayoonyesha ukubwa wa msingi na idadi ya nondo, mpangilio wa umeme na maji, pamoja na maelezo ya maandishi yanayosema vifaa vitakuwa vya ubora gani. Juu ya hayo, panapowezekana, pawe na mchanganuo wa kazi na vifaa, yaani orodha inayotaja kila kazi, kipimo chake na kiasi chake, ambayo kila mwombaji wa kazi ataijaza kwa bei zake.

Nawaeleza kwa nini nasisitiza hili. Wenye nyumba wengi huniletea bei tatu na kuniuliza ipi ni nzuri, na ninapozifungua nakuta kwamba ni bei za nyumba tatu tofauti. Wa kwanza amehesabu mabomba ya maji machafu mpaka kwenye shimo au mfereji wa nje. Wa pili ameishia kwenye ukuta wa nyumba. Wa tatu ameandika mstari mmoja, "vigae vya sakafu", bila kusema ni vya ukubwa gani, vya daraja gani, wala kama bei inajumuisha kuvipanga. Mmoja ameweka mkanda wa kuzuia unyevu juu ya msingi, mwingine hakuutaja, na huenda hatauweka. Bei ya chini kabisa kati ya hizo haituambii nani anajenga kwa nafuu. Inatuambia nani ameacha vitu vingi zaidi nje ya hesabu, na vitu hivyo vitarudi baadaye vikiitwa kazi za ziada, wakati ambapo kuta zimesimama nusu na huna nguvu tena ya kujadiliana.

Kwa hiyo waombaji wote wapewe karatasi zilezile, siku ileile, na wapewe muda ulio sawa. Watatu wanatosha, wanne ni wengi vya kutosha. Mmoja akiuliza swali la maana kuhusu ramani, jibu lipelekwe kwa wote. Na muangalieni sana huyo aliyeuliza. Mkandarasi anayerudisha bei ya nyumba nzima bila swali hata moja ama hakuisoma ramani, ama ameisoma akaamua kwamba utata wake utamfaidi mbele ya safari. Aliyekuambia kwamba mlango wa jikoni katika mchoro mmoja unafunguka ndani na katika mwingine unafunguka nje amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyofanya kazi wakati hupo.

Bei zikirudi, zisomwe mstari kwa mstari. Bei moja ikiwa chini mno kuliko nyingine, mwite mwenyewe umuulize kwa heshima ameipataje. Huenda ana sababu njema, kwa mfano ana mitambo yake mwenyewe ambayo wenzake wanaikodi, na huenda pia amesahau paa. Angalieni vilevile kama bei za kazi za mwanzo, kama uchimbaji na msingi, zimekuzwa kupita kiasi huku za mwisho zikiwa ndogo ajabu. Jumla inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, lakini mpango huo unamwezesha mkandarasi kuchukua fedha nyingi mapema, na ikifika zamu ya madirisha na rangi, kilichobaki hakimvutii kurudi kiwanjani.

Kuhusu gharama kuzidi makadirio, Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anasimulia sheria ya kale ya mji wa Efeso. Msanifu aliyepewa kazi ya umma alitaja makadirio yake, na mali yake ikawekwa rehani mpaka kazi iishe. Makadirio yakitimia, alipewa heshima. Gharama ikizidi kwa kiasi kisichopita robo, nyongeza ililipwa na hazina ya umma. Ikizidi zaidi ya hapo, tofauti ilitoka katika mali yake mwenyewe. Vitruvius alitamani sheria kama hiyo iwabane na wanaojenga nyumba za watu binafsi. Mimi siombi mali ya mtu iwekwe rehani, lakini napenda namna watu wa Efeso walivyokubali mapema kwamba ujenzi una mambo yasiyotabirika, wakayapa mpaka. Nanyi wekeni fungu la tahadhari katika bajeti zenu, walau asilimia 10 ya gharama yote, na msimwambie mtu kwamba lipo ili litumike.

Bei haziwezi kutuambia jinsi mtu anavyofanya kazi. Hilo linaonekana kiwanjani tu, na hapa ndipo ninapowaomba mtumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kila mkandarasi unayemfikiria akupeleke kwenye nyumba anayoijenga sasa hivi, na ikiwezekana uende siku ya kumwaga zege, kwa ruhusa ya mwenye nyumba hiyo. Simama pembeni usiwazuie mafundi, na utazame.

Tazama nondo kabla hazijafunikwa. Je, zimelala moja kwa moja juu ya udongo au juu ya mbao, au zimeinuliwa kwa vipande vidogo vya zege ili zege lipite chini yake? Mhandisi hupanga unene wa zege la kuzikinga nondo, mara nyingi milimita 25 hivi kwenye jamvi la ghorofa, yaani bamba la zege la sakafu ya juu, na milimita 40 hadi 50 au zaidi kwenye msingi. Nondo iliyolala chini haina kinga. Unyevu utaifikia, itapata kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, itapasua zege kutoka ndani, miaka mingi baada ya mkandarasi kulipwa na kuondoka.

Kisha tazama maji. Zege hupata nguvu kwa saruji kuungana na maji, wala si kwa kukauka kama wengi wanavyodhani, lakini maji hayo yana kipimo chake. Zege likiwa zito kusukuma, kibarua aliyechoka huongeza ndoo moja ya maji, nalo hulainika na kutiririka vizuri. Maji yale ya ziada yakitoka baadaye huacha vitundu visivyoonekana, na nguvu ya zege inapungua. Ndoo ile ni jambo dogo sana kuonekana, na ninaichukua kuwa kipimo kizuri cha mjenzi kuliko picha zote za nyumba zilizokamilika. Nani aliizuia? Kama msimamizi wa mafundi aliona akanyamaza, mmekwisha kujua. Kama aliona akasimamisha kazi, akaeleza kwa nini, na kibarua akaelewa, mmejua pia. Waulizeni baadaye watalimwagilia zege hilo maji kwa siku ngapi. Jibu linalokubalika ni siku 7 au zaidi. Waulizeni na nguzo za muda zinazoshikilia jamvi la juu zitaondolewa lini, na nani atatoa idhini. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28, na mtu anayeharakisha kuondoa nguzo hizo kwa sababu anazihitaji kwenye kazi nyingine anakopa kwa usalama wa watu wengine.

Kabla hamjaondoka, pitieni stoo. Saruji ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu. Ulizeni ramani iko wapi. Ikiwa kiwanjani hapana ramani, wanajenga kwa kukumbuka. Mimi hufurahi nikiletewa ramani iliyochakaa kwa kushikwa, yenye alama za penseli na tarehe pembeni, kwa sababu hiyo ni ramani inayosomwa. Tazameni pia kama mafundi wana kofia ngumu na kama majukwaa wanayosimama yamefungwa imara. Asiyejali mwili wa fundi wake hatajali ukuta wako.

Ziara nyingine iwe kwenye nyumba iliyokaa. Mkandarasi atapenda kukupeleka kwenye ile iliyokabidhiwa juzi, ambayo bado inanukia rangi. Wewe mwombe uone ambayo imepitiwa na mvua za miaka miwili au mitatu. Mwenye nyumba akikuruhusu, mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu uone kama yanakwenda kwenye tundu au yanatuama pembeni. Pima chumba kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Chumba cha mstatili kilichopimwa vizuri hutoa urefu uleule. Angalia chini ya kuta kama kuna unyevu unaopanda na kuibandua rangi. Halafu uulize swali ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko haya yote: kasoro ilipojitokeza, alikuja? Kasoro hutokea hata kwa wajenzi wazuri. Aliyekuja baada ya kupigiwa simu mara moja, akatengeneza, akarudi kuangalia, huyo ana sifa ambayo haiwezi kuandikwa katika cheti.

Vyeti navyo ni lazima, ingawa sitavizungumza sana. Usajili, leseni, kodi na bima vyote vihakikiwe kwa mamlaka zenyewe, wala msitosheke na nakala mnayoletewa mkononi. Usajili hauthibitishi kwamba mtu anajua kujenga, ila unahakikisha kwamba yupo anayeweza kuwajibishwa. Bima iwahusu wafanyakazi, jirani na jengo lenyewe wakati wa ujenzi.

Baada ya hapo, kaeni naye mzungumze. Ulizeni nani hasa atakuwa kiwanjani kila siku, kwa sababu mara nyingi anayetia saini ni mmoja na anayejenga ni mwingine. Mwombeni mkutane na huyo msimamizi kabla ya mkataba, na jina lake liandikwe humo. Ulizeni kazi zipi atawapa mafundi wengine, na kama amewahi kufanya kazi nao. Ulizeni ana nyumba ngapi mkononi kwa sasa. Waulizeni wauzaji wa vifaa kama analipa madeni yake, na mafundi kama wanapata ujira wao kwa wakati, kwa kuwa fundi asiyelipwa huondoka katikati ya wiki, na mara nyingine huondoka na vifaa.

Kisha mpeni tatizo. Mwambieni: tumechimba msingi, upande mmoja tumekuta udongo laini, mimi nimesafiri na simu yangu haipatikani. Utafanya nini? Wapo watakaojibu haraka kwamba wamezoea, wataongeza zege tu na mambo yatakwenda. Jibu hilo linapendeza kulisikia, nami naliogopa. Jibu ninalolitafuta huja polepole zaidi: nitasimamisha upande huo, nitamwita mhandisi, nitapiga picha na kuandika kipimo, nitawahamishia mafundi kwenye kazi nyingine ili siku zisipotee, na sitafunika kitu mpaka nipate maagizo kwa maandishi. Anayejibu hivyo amekuambia nani ataamua na utajuaje alichoamua, bila ya wewe kumfundisha. Mwulizeni pia kazi moja iliyomwendea vibaya na jinsi alivyoimaliza. Asiye na hata moja ya kusimulia ama ni mgeni katika kazi, ama hasemi kweli.

Ndugu zangu, nisingekuwa nimetenda haki kama ningepita bila kugusa suala la kumpa kazi ndugu au rafiki. Sisemi msiwape. Wapo ndugu ambao ni mafundi hodari, na uaminifu wa damu ni mali. Lakini ndugu apite njia ileile: ramani zilezile, mchanganuo uleule, ziara na maswali yaleyale, na mkataba ulioandikwa. Watu huona aibu kumwekea ndugu mkataba, wakidhani ni kumshuku. Mimi naona kinyume chake. Mkataba unawaruhusu kugombana kuhusu ukuta bila kugombana kuhusu undugu, kwa sababu kilichokubaliwa kipo mezani na hakuna anayelazimika kukumbuka kwa niaba ya mwenzake. Kama kuna ndugu ambaye huwezi kumwambia "bomoa ujenge upya", huyo usimpe kazi, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Mkataba wenyewe utaje bei na namna ilivyopatikana. Bei moja ya jumla inafaa ramani zikiwa kamili. Kulipa gharama halisi pamoja na ada ya mjenzi kunafaa pale kazi isipoweza kupimwa mapema, lakini kunadai hesabu za wazi na usimamizi wa karibu. Kununua vifaa mwenyewe na kulipa ufundi tu huonekana nafuu, na huwa nafuu kweli kwa mwenye muda. Asiye na muda atajikuta mafundi wamekaa kivulini wakisubiri misumari. Kwa vyovyote vile, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona mahali ambapo usemi huo unatimia upesi kama kiwanja cha ujenzi.

Juu ya malipo nina kanuni moja ninayoishikilia sana: wakati wowote, fedha iliyobaki mikononi mwako itoshe kumlipa mtu mwingine aimalize nyumba hiyo. Malipo ya awali yawe ya kuanzia kazi tu, na yakatwe kidogo kidogo katika malipo yanayofuata. Mengine yafuate kazi iliyofanyika na kupimwa: msingi umekamilika na kukaguliwa, kuta zimefika kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, paa limeezekwa. Yasifuate tarehe za kalenda. Katika kila malipo izuiliwe sehemu, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Nusu ya fedha hizo hulipwa nyumba inapokabidhiwa, na nusu baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi huwa miezi 6 hadi 12, kasoro zilizojitokeza zikisharekebishwa. Mkandarasi mzuri hatashangazwa na masharti haya, kwa kuwa ameyaona mara nyingi. Naye ana haki ya kuwekewa ya kwake: alipwe ndani ya siku zilizotajwa, na ukichelewa, muda wake uongezwe na hasara yake ifidiwe. Mwenye nyumba anayedai uaminifu huku akichelewesha malipo mwezi baada ya mwezi anamfundisha mjenzi wake kupunguza saruji.

Ongezeni kifungu kimoja ambacho watu wengi hukisahau, na ambacho kwangu ndicho moyo wa mkataba. Kiandikwe kwamba hakuna kazi itakayofunikwa kabla ya kukaguliwa na mtu aliyetajwa kwa jina, kwamba mjenzi atatoa taarifa siku kadhaa kabla, na kwamba akifunika bila kibali, ataifunua kwa gharama yake. Mkaguzi huyo awe mhandisi au msimamizi unayemlipa wewe, asiyepokea chochote kutoka kwa mkandarasi. Kila kilichokaguliwa kipigwe picha pamoja na tepu ya kupimia ikionekana. Picha za mabomba na nyaya kabla ya plasta zitawasaidia siku mtakapotaka kutoboa ukuta, na zitamsaidia fundi atakayekuja kutengeneza mnapokuwa wazee.

Na mabadiliko ya ramani? Mengi hutoka kwetu wenyewe. Tumeona nyumba ya mtu, tumerudi tunataka dirisha lihamishwe. Ni haki yenu, lakini kila badiliko liandikwe pamoja na gharama yake na siku zitakazoongezeka, litiwe saini na pande zote mbili, ndipo lifanyike. Maagizo ya mdomo anayopewa fundi aliye juu ya ngazi hayana mwenyewe siku ya hesabu.

Baada ya kuyafanya haya yote, inawezekana mkakuta kwamba kati ya wale watatu hakuna aliyewaridhisha. Mmoja bei yake ni nzuri lakini kiwanja chake kilikuwa hovyo. Mwingine anafanya kazi safi lakini hataki kifungu cha ukaguzi. Wa tatu hana nafasi mpaka mwaka ujao. Katika hali hiyo watu wengi humchukua yule wa kwanza, kwa sababu fedha zipo na familia ina hamu. Ushauri wangu ni kumsubiri wa tatu, ikiwa alichokionyesha kiwanjani na alichokijibu mezani kiliwaridhisha, au kuanza upya na majina mengine. Yule anayekataa ukaguzi mwacheni, hata kama kazi yake inavutia. Na mkishaamua, waandikieni wale ambao hamkuwachagua, muwashukuru kwa muda walioutumia kusoma ramani zenu na kutayarisha bei, kwa kuwa ni kazi ya siku nyingi ambayo hawakulipwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mwisho wa niliyoyaandaa. Wanachama waliokuja na ramani zao au na bei walizokwisha kuletewa wanaweza kuzileta hapa mbele, tuzisome pamoja mstari kwa mstari. Nashukuru kwa kunisikiliza.